Ni Nani Aliyebeba Mzigo Ule? Kumbukumbu za Vita Nyumbani na Sanaa ya Siku Hizi

(Somo la Chama cha Kiswahili, limeandikwa na mwanachama wa Kidato cha Tatu)

UTANGULIZI

Katika gazeti hili tumezoea kusoma makala juu ya methali, ngeli, tamathali za usemi na uchambuzi wa tamthilia. Mwaka huu nimepewa kazi ya kuandika kuhusu sanaa. Wengine watacheka, maana wanajua hata ng'ombe nikimchora hufanana na meza. Lakini somo hili si la kuchora. Ni somo la jinsi sanaa inavyoweza kusema jambo ambalo familia imeshindwa kulisema kwa mdomo.

Jambo lenyewe ni vita. Nikitamka neno "vita" hapa Kwa Vonza, wengi watafikiria sinema, au kurasa za kitabu cha Historia zile tunazokariri usiku wa kuamkia mtihani. Kumbe vita vilipita katika nyumba zetu, vikachukua watu wetu, na alama zake zimebaki mpaka leo. Hebu tufuatane polepole, tuone alama hizo ni zipi na wasanii wa siku hizi wanazifanyia nini.

VITA VYENYEWE NI VIPI?

Nitazungumzia Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilivyoanza mwaka 1914. Ulaya vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918, lakini huku kwetu jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, mjini Abercorn, ambao sasa ni Mbala katika nchi ya Zambia.

Waingereza walikuwa Kenya na Wajerumani walikuwa Tanganyika. Katikati palikuwa na pori, mbung'o na mvua. Farasi na punda walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache. Basi chakula, risasi, dawa na hata vipande vya mizinga vilibebwa na nani? Vilibebwa na binadamu. Ndiyo maana likaundwa jeshi la wapagazi lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wananchi walilitamka walivyoweza, na ndipo tukapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Anayepanda matatu kwenda Kariokor kununua vyondo au viatu vya akala, ajue kwamba anataja jina la vita.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wapagazi kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 ulifanywa msako mkubwa kuliko yote, na Ukambani haukusazwa. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, siku nenda siku rudi. Alivalishwa kisahani cha chuma chenye nambari ili atambulikane. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Walipewa unga ambao haukupikwa ukaiva, na watu waliozoea pure na mtama matumbo yao yakashindwa. Kutoka Kenya peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna mahali methali hii ilipotimia kama hapo.

FAMILIA HUKUMBUKAJE VITA?

Nimeuliza watu na nimejiuliza mwenyewe, nikaona kwamba nyumba zetu huweka kumbukumbu kwa njia nne: kwa masimulizi, kwa majina, kwa vitu, na kwa kimya. Hiyo ya nne ndiyo kubwa kuliko zote.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu. Nina mjomba anayeitwa Musyoka. Kwa Kikamba jina hilo lina maana ya mtu aliyerudi. Likizo ya Agosti nilimuuliza susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, "Susu, mjomba alirudi kutoka wapi?" Alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Yeye hakurudi kutoka mahali, mjukuu wangu. Ni mwingine aliyekuwa arudi."

Ndipo akanieleza kwamba babake alikuwa na kaka mkubwa. Kaka huyo alichukuliwa wakati wa vita vya Wajerumani akiwa kijana asiye na mke. Walichukuliwa na watu wa chifu usiku, wakafungwa kamba pamoja, wakavushwa mto Athi. Hakuja mtu kusema amekufa. Haikuja barua wala mshahara. Babu alipokuwa mzee bado alikuwa akisema "akirudi", hasemi "alipokufa". Susu alipojifungua mtoto wa kiume, babake ndiye aliyetoa jina: Musyoka.

Nikauliza, "Na yule aliyechukuliwa aliitwa nani hasa?" Susu akatazama chini. "Baba hakupenda kulitaja. Mimi sikulishika."

Tazama basi. Jina la matumaini tunalo, tunaliita kila siku mjomba akiombwa alete maji. Jina la mtu mwenyewe limepotea. Hiyo ndiyo ninayoita kumbukumbu ya kimya. Nina hakika kwamba katika bweni letu hayupo mmoja tu mwenye hadithi ya namna hii, ila hajauliza.

MCHONGAJI WA WAMUNYU

Ukitoka hapa Kwa Vonza ukielekea Machakos, ukavuka Athi, utafika Wamunyu. Wote tunajua Wamunyu kwa sanamu za miti. Lakini ni wangapi wanajua uchongaji ule ulifikaje pale?

Alikuwako mtu aliyeitwa Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu. Wakati wa vita alipelekwa Tanganyika kulitumikia jeshi la Waingereza. Huko aliwaona wachongaji wenyeji. Wengine husema walikuwa Wamakonde, wengine husema Wazaramo wa karibu na Dar es Salaam. Aliporudi nyumbani baada ya vita alianza kuchonga sanamu na kuziuza, kisha akawafundisha jamaa zake. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani, vigoda na vijiko na mizinga ya nyuki, lakini biashara ya sanamu za kuuzia wageni ilianza na yeye. Ikaenea Wamunyu yote, ikashuka mpaka Mombasa, ambako wachongaji wetu walianzisha chama cha ushirika huko Changamwe miaka ya 1960. Watoto wengi wa Ukambani wamelipiwa karo na tezo.

Kwa hiyo nauliza: je, vita vile havikuacha kitu Ukambani? Viliacha. Kila twiga wa mti anayeuzwa uwanja wa ndege ni kitukuu wa vita. Wapagazi walipeleka mizigo Tanganyika, wakaacha maisha yao huko, na mmoja akarudi na ufundi.

Lakini hapa pana kitendawili. Nilipita Wamunyu na wenzangu wawili tukamkuta mzee mmoja chini ya mti, tezo mkononi, na mkewe kando akisugua kifaru kwa msasa. Tulimwamkia, akatukaribisha. Nikamuuliza, "Mzee, umewahi kumchonga mpagazi wa vita? Mtu aliyebeba mzigo?"

Akaendelea kuchonga. "Mwanangu, nani atamnunua? Mgeni anataka simba. Anataka Mmasai na mkuki wake. Mtu aliyechoka hanunuliwi."

Sikumlaumu. Mzee ana watoto wa kulisha, na ukweli ni kwamba mti wenyewe siku hizi ni ghali. Muhugu umekwisha, wanachonga mwarobaini. Lakini maneno yale yalinikaa. Ufundi uliozaliwa vitani umechonga kila mnyama wa porini, na yule aliyeutoa vitani hajachongwa. Soko ndilo limetuchagulia la kukumbuka.

WASANII WA SIKU HIZI WANAFANYA NINI?

Mwalimu wetu alinieleza kwamba sanaa ya siku hizi si lazima iwe picha ya ukutani au sanamu ya kuwekwa kabatini. Inaweza kuwa filamu, kivuli, maandamano, sauti, au chumba kizima. Nimetafuta mifano inayogusa vita vya Afrika na nimechagua minne.

1. Vivuli vya wapagazi. William Kentridge ni msanii wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955. Mwaka 2018, miaka mia moja baada ya vita, alionyesha London katika jumba la Tate Modern mchezo mkubwa uitwao The Head and the Load. Jina hilo limetokana na methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ndio taabu ya shingo. Muziki ulitungwa na Philip Miller pamoja na Thuthuka Sibisi. Waigizaji wanapita mbele ya pazia refu sana wamebeba vitu, na vivuli vyao vinakuwa vikubwa kuliko wao. Fikiria hapo: sura za wapagazi hatuzijui, majina yao hatuna, basi msanii akaonyesha kile tulichobakiwa nacho, yaani kivuli. Hakudanganya kwa kubuni sura. Alikionyesha kivuli na akakifanya kiwe kikubwa ukutani.

2. Filamu ya pazia tatu. John Akomfrah alizaliwa Accra mwaka 1957 na amekulia Uingereza. Mwaka huohuo wa 2018 alionyesha Mimesis: African Soldier katika jumba la makumbusho ya vita la London. Ni filamu inayoonyeshwa kwenye pazia tatu kwa wakati mmoja. Amechukua filamu za kale zilizopigwa na wakoloni akazichanganya na picha mpya za waigizaji. Kwani ana haja gani ya kuchanganya? Kwa sababu aliyeshika kamera zamani hakuwa upande wetu. Alimpiga mpagazi picha kama mtu anayepiga picha ya gari. Picha mpya zinamrudisha mpagazi kuwa mtu: anasimama, anatazama, anafikiri.

3. Kaburi tupu. Hii ni filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Empty Grave, iliyoongozwa na Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Inahusu vita vya kabla ya vile vya 1914. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, na jamaa zake wanaamini fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Filamu inafuata kizazi cha sasa kinapoulizia ofisini na makumbusho, kinalitafuta fuvu ili kimzike mzee wao. Inafuata pia familia nyingine ya Meru yenye msiba kama huo. Somo lake ni kwamba kwa familia miaka mia na zaidi si muda mrefu. Matanga ambayo hayajaondolewa bado ni matanga. Na kwa kweli mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akakutana na kizazi hicho na kuomba msamaha.

4. Nguzo za mvule. Huu ndio mfano ulionigusa zaidi, maana ni wa mti. Mwezi Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wa Waafrika wa Afrika Kusini 1,772 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza wakifanya kazi za jeshi barani Afrika, na ambao hawakuwa na kaburi linalojulikana wala ukumbusho. Kila mtu amepewa nguzo yake ya mvule, na juu ya nguzo pana jina lake. Hakuna sanamu ya jemadari pale wala farasi. Ukipita katikati ya nguzo unakuwa kama mtu anayepita katikati ya watu waliosimama.

TULINGANISHE NA SANAMU YA NAIROBI

Msomaji anaweza kuuliza: kwani Kenya hatuna ukumbusho? Tunao. Ukiwa Nairobi barabara ya Kenyatta utaona sanamu za shaba zilizowekwa mwaka 1928, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Mmoja wa wale waliosimama pale ni mpagazi. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi.

Hilo ni jambo jema, lakini tuchunguze kwa makini kama tunavyochunguza shairi. Mkono na mguu si mtu mzima. Mkono hauna jina wala mama anayeungoja. Na kweli, hakuna jina hata moja la marehemu pale. Hili si wazo langu tu: mwaka 2021 tume ya shirika la Jumuiya ya Madola linalotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika na Waasia hawakukumbukwa sawa na Wazungu. Ilitaja watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, ambao hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya sanaa ya zamani na ya leo. Sanamu ya 1928 ilitengenezwa kuwashukuru watu kwa utumishi. Kazi za leo zinaanza na swali la nyumbani: mtu wetu yuko wapi? Ya kwanza inatoa sifa, ya pili inatoa hesabu ya kilichopotea.

PINGAMIZI

Nilipotoa hoja hizi katika mkutano wa chama, mwanachama mmoja alisimama akasema, "Wewe unafukua makaburi. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ni methali nzuri, na wazee wengi ndivyo wanavyofikiri. Babu wa mama yangu hakutaja jina la kaka yake kwa sababu lilimuuma, si kwa sababu alimsahau.

Lakini nilimjibu hivi. Kufukua ni kufukua kitu kilichozikwa. Hawa hawakuzikwa. Na la pili, kimya si sawa na kupona. Kimya cha babu kilimsaidia yeye kuishi, lakini kimetugharimu jina. Kama susu angeuliza mwaka 1960, jina lingekuwapo. Mimi nimeuliza sasa, nimekuta nusu ya hadithi. Mtoto wangu akiuliza atakuta nini?

Tena msanii hamlazimishi mtu kusema. Hapo ndipo faida yake ilipo. Mtu asiyeweza kusimulia anaweza kutazama kivuli akalia, au akashika nguzo ya mti akatulia. Sanaa humwachia mtu nafasi ya kukumbuka bila kuhojiwa kama yuko polisi.

HITIMISHO

Wanafunzi wenzangu, tumeona kwamba vita vile vya Wazungu vilibebwa kwa mabega ya watu wetu, kwamba nyumba zetu zina kumbukumbu zake katika majina, vitu na kimya, kwamba hata uchongaji wa Wamunyu una mizizi vitani, na kwamba wasanii wa leo wanaonyesha njia ya kukumbuka bila kupamba na bila kudanganya.

Chama chetu kimekubaliana kufanya mambo mawili. Kwanza, likizo hii kila mwanachama amwendee mzee mmoja wa ukoo wake, aulize kwa adabu: ni nani alichukuliwa, ni nani alirudi, na ni nani ameitwa jina kwa ajili yake? Majibu yataandikwa katika daftari moja la chama, kwa Kikamba kama yalivyosemwa na kwa Kiswahili, na daftari litakaa maktaba. Pili, tunachanga pesa kidogo kidogo tumwagize mzee yule wa Wamunyu atuchongee mpagazi mmoja wa mwarobaini, amebeba mzigo. Yeye aliuliza nani atamnunua. Tumejibu kwamba ni sisi. Kama hatutakuwa na jina la kuandika chini yake, tutaacha nafasi wazi, kwa sababu nafasi wazi nayo ni ukweli.

Wenye hadithi waje wamwone katibu kabla shule haijafungwa. Wazee wanaondoka kila mwaka, na mzee akifa huenda na daftari lake.

MSAMIATI

Mpagazi: mtu anayebeba mizigo ya safari kwa ujira au kwa kulazimishwa.
Tezo: chombo cha kuchongea mti, chenye mpini mfupi na bapa lililopinda.
Msasa: karatasi au jani la kulainishia mti.
Kichomi: ugonjwa wa mapafu.
Usufi: pamba nyepesi ya mti wa msufi.
Ndwele: ugonjwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza maana ya methali "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi" ukiihusisha na habari za wapagazi.
2. "Soko ndilo limetuchagulia la kukumbuka." Je, unakubaliana na mwandishi? Toa sababu.
3. Kwa nini William Kentridge alitumia vivuli badala ya sura za watu?
4. Linganisha sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928 na nguzo za Cape Town za mwaka 2025. Ipi ingemfaa susu wa mwandishi? Kwa nini?
5. Chunguza jina lako la ukoo au la jamaa yako. Limebeba kumbukumbu gani? Andika ukurasa mmoja.